Mazungumzo ya Tisa: Maumivu Hayafichwi

  Ikiwa unatusikiliza redioni, sogea karibu. Ikiwa unasoma kijitabu hiki, keti mahali penye mwanga, na ukiweza msomee pia jirani ambaye macho yake yamechoka. Leo tunazungumza kuhusu jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja mwilini mwake, lakini ni wachache wanaolieleza vizuri mbele ya daktari. Jambo hilo ni maumivu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tukaze roho. Mtoto akianguka anaambiwa asilie. Mama akijifungua anaambiwa asipige kelele. Mgonjwa wa saratani akiugua usiku, watu wa nyumbani hugeukia ukutani wakiomba kupambazuke. Leo tutasimulia historia ya kutuliza maumivu, kutoka zamani hadi hapa Nairobi tulipo. Ukifuatilia utaona jambo moja likijirudia. Mara nyingi dawa ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba anayelia anaumwa kweli.

MIGONGO MIWILI, MTAA MMOJA

Tuanzie katika mtaa wa Spring Valley, kando ya barabara ya Lower Kabete. Asubuhi na mapema utawakuta akina mama waliotoka Kangemi kwa miguu, wakienda kufua na kupiga pasi katika nyumba zenye ua mkubwa. Tuseme mmoja wao ni wewe. Umeinama juu ya beseni tangu saa mbili asubuhi, na ikifika saa saba kiuno kinawaka moto. Jioni unapita duka la dawa, unanunua vidonge viwili vitatu, unameza, unalala. Kesho ni vivyo hivyo, na mwezi ujao ni vivyo hivyo.

Ndani ya nyumba ile ile, mama mwenye nyumba naye ana mgongo wake, kwa sababu ya kuketi ofisini na katika msongamano wa magari. Yeye ana bima na ana daktari wake. Migongo ni miwili, lakini mishipa ya fahamu ni ya aina moja. Je, wote wawili watasikilizwa sawasawa wakisema wanaumwa? Swali hilo si jipya katika mji huu. Kulijibu, turudi nyuma kidogo.

WAZEE WETU WALIFANYA NINI

Usidhani kwamba kabla ya hospitali watu wetu waliumwa tu bila msaada. Kote Afrika Mashariki watu walikanda kwa maji ya moto, walijifukiza kwa majani, walichua viungo kwa mafuta. Huko pwani waganga walipiga chuku, yaani kuumika kwa pembe, ili kupunguza maumivu ya mgongo na kichwa. Kwa Wakikuyu na kwa Wabukusu, vijana waliingia mtoni alfajiri kabla ya kutahiriwa, na maji yale ya baridi yalitia mwili ganzi. Hiyo ilikuwa elimu ya kutuliza maumivu, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Lakini tohara ilifundisha jambo jingine pia: kijana asipepese jicho. Kwa siku moja, kwa jambo lenye mwisho, mafunzo hayo yalikuwa na maana yake. Taabu ni kwamba tuliyachukua tukayapeleka kila mahali. Tukamtaka mgonjwa wa saratani avumilie miezi kama kijana anavyovumilia dakika moja. Tukamtaka mtoto mwenye jeraha la moto anyamaze. Uvumilivu ni jambo jema, lakini haujawahi kutibu ugonjwa.

KASUMBA, NUSUKAPUTI NA VIDONGE

Tangu zamani sana watu wa Asia na Ulaya walijua kwamba utomvu wa mmea fulani hutuliza maumivu na kuleta usingizi. Sisi Waswahili tunauita afyuni, au kasumba. Mwanzoni mwa karne ya 19 kijana mmoja wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, aliyefanya kazi katika duka la dawa, alifaulu kutoa ndani ya kasumba kile kiini kinachotuliza maumivu. Akakiita kwa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Ndiyo dawa tunayoijua leo kama morfini. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Mwaka 1846 huko Boston, Marekani, mgonjwa alipasuliwa mbele ya madaktari akiwa amelazwa kwa mvuke wa etha. Mwaka uliofuata, 1847, Daktari James Young Simpson wa Edinburgh, Scotland, alianza kuwapa akina mama wenye uchungu wa uzazi klorofomu, ile tunayoiita nusukaputi. Wapo waliompinga. Wengine walisema uchungu wa kuzaa umeagizwa na Mungu, wengine walisema ni hatari. Mabishano yalipoa baada ya mwaka 1853, pale Malkia Victoria wa Uingereza alipovuta nusukaputi akijifungua, akihudumiwa na Daktari John Snow.

Tafakari hapo kidogo, mama. Wanawake waliosema wanaumia walikuwa wengi mno kabla ya siku hiyo. Alipotuliwa uchungu mwanamke mmoja mwenye taji, ndipo jambo likakubalika.

Vidonge navyo vina historia yake. Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1899. Parasetamoli ilijaribiwa kwa wagonjwa mapema, mwaka 1893, ikasahauliwa, kisha ikarudi kwa nguvu katika miaka ya 1950. Jina la Panadol lilianza Uingereza mwaka 1956. Leo vidonge hivi vimo katika kila kioski, karibu na chumvi na kiberiti. Kwa sababu ni rahisi kuvipata, tunasahau kwamba ni dawa. Hilo nalo tutalirudia.

HOSPITALI MBILI KATIKA MJI MMOJA

Sasa turudi Nairobi. Mwaka 1901 ilifunguliwa hospitali ndogo ya Waafrika iliyoitwa Native Civil Hospital, ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru, mwaka 1964, ikawa Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1954 Wazungu walifunguliwa hospitali yao, European Hospital, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Hospitali hizi hazikuwa mbali, lakini mlango wa kuingilia ulichaguliwa na rangi ya ngozi.

Mitaa ya magharibi kama Spring Valley ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyelala huko alikuwa mpishi, mlinzi, yaya au mtunza bustani, katika chumba cha nyuma. Yaya aliungua mkono jikoni na bibi wa nyumba aliungua mkono katika jiko hilo hilo, kisha kila mmoja akafuata njia yake. Wakati huo wapo madaktari wa Ulaya walioandika kwamba Mwafrika hahisi maumivu kama Mzungu. Huo ulikuwa uongo, na sayansi imeukana kabisa. Lakini uongo ukikaa sana kichwani huwa kasumba ya aina nyingine, ile isiyotuliza mtu. Hata leo yupo anayeamini kwamba maskini amezoea kuumia. Hakuna anayezoea. Kuna anayechoka kusema.

MTOTO MCHANGA NAYE HUUMWA

Jambo hili linakuhusu sana wewe mwenye mtoto. Hadi katika miaka ya 1980, madaktari wengi katika nchi tajiri waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu, au huyasahau mara moja. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ndogo sana ya maumivu. Wengine walipewa tu dawa ya kulegeza misuli ili wasijitupe.

Mwaka 1987 Daktari Kanwaljeet Anand, kutoka India, aliyekuwa akifanya utafiti Oxford, Uingereza, alionyesha pamoja na wenzake kwamba watoto hao waliumia sana, na kwamba waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walipata nafuu vizuri zaidi. Tangu hapo mambo yakabadilika.

Mama yeyote angeweza kuwaambia hivyo bila maabara. Lakini hata sisi tuna la kujifunza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kuhusu maumivu ya chanjo. Mtoto ashikwe na mama au mlezi wake badala ya kulazwa juu ya meza. Anayenyonya anyonyeshwe wakati wa kudungwa au muda mfupi kabla. Sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Basi ukienda kliniki, muulize muuguzi kwa upole, "Dada, naomba nimnyonyeshe wakati unamdunga." Ni haki yako, na haina gharama.

Na ile tabia yako ya kumsugua mtoto aliyejigonga, huku ukimwambia pole? Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo. Unaposugua, habari za mguso hulifunga lango hilo kiasi, na maumivu yanapungua. Hofu nayo hulifungua zaidi, na utulivu hulifunga. Kumbe mkono wa mama ulikuwa dawa kabla ya wasomi kujua sababu.

CHUPA YA MORFINI YAFIKA NAIROBI

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, yaani maumivu ya ugonjwa usiopona.

Huko London alikuwako mama mmoja, Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa huduma za jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Aliona wagonjwa wa saratani wakipewa morfini pale tu walipolia sana. Dawa ikiisha nguvu, wanalia tena, na wanaonekana wasumbufu. Yeye akasema dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Alifundisha pia kwamba maumivu si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya familia, ya pesa na ya roho, na yote hutazamwa pamoja. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo uliofananishwa na ngazi: anza na dawa nyepesi kama parasetamoli, panda kwenye ya wastani, na maumivu makali yakidumu, fika kwenye morfini.

Hapa Kenya, hospisi ya kwanza, Nairobi Hospice, ilianza kazi mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake mkuu wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, ambaye awali alifanya kazi Singapore. Huko, pamoja na wafamasia, walikuwa wametengeneza njia rahisi sana: unga wa morfini unachanganywa na maji, unatiwa katika chupa, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Hakuna sindano wala mashine. Mwaka 1993 Merriman alikwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda, na huko morfini hiyo ya maji ikaenea hadi wilayani. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu vijijini muuguzi hupatikana kwa urahisi kuliko daktari.

Miaka hiyo ya 1990 ilikuwa migumu kwetu. Ukimwi ulikuwa umeingia kila mtaa, na mwaka 1999 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikutolewa bure katika hospitali za umma hadi mwaka 2006. Wagonjwa waliuguzwa nyumbani. Na ni nani aliyewauguza? Ni akina mama na akina nyanya. Aliyewahi kusikia mwanawe akisema miguu inaungua kama makaa, na hana la kumpa zaidi ya kitambaa chenye maji, hahitaji kuelezwa kwa nini chupa ile ndogo ilikuwa jambo kubwa.

HOFU ILIYOFUNGA KABATI

Basi kwa nini morfini haikufika kila hospitali? Haikuwa kwa sababu ya bei, maana unga wake si ghali. Ilikuwa hofu.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema mambo mawili: dawa hizi zidhibitiwe, na zipatikane kwa wagonjwa kwa sababu ni za lazima katika kutuliza maumivu. Nchi nyingi zilishika la kwanza zikaliacha la pili. Hapa Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliweka adhabu kali. Inaruhusu matumizi ya tiba, lakini mhudumu anayeogopa kushtakiwa huona heri kabati libaki tupu.

Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoumwa. Lilieleza kwamba katika hospitali za umma zipatazo 250, ni 7 tu zilizokuwa na morfini ya kunywa. Na mwaka 2017 tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha kwamba katika tani zipatazo 299 za dawa za jamii ya morfini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu moja tu ya kumi ya tani moja.

Hata hivyo kuna watu ambao hawakukata tamaa. Chama cha hospisi na tiba shufaa nchini, kinachojulikana kwa ufupi kama KEHPCA, kiliongozwa kwa miaka mingi na Daktari Zipporah Ali, aliyewahi kuhudumu katika Nairobi Hospice. Tiba shufaa ni ile inayomtunza mgonjwa wa maradhi mazito pamoja na jamaa zake, kwa kumtuliza maumivu na mashaka. Baada ya mwaka 2010 vitengo vya tiba hiyo vilianza kufunguliwa katika hospitali kubwa za serikali. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa, mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziiweke katika huduma zao, na mwaka 2021 Kenya ikatoa sera yake ya hadi mwaka 2030.

Lakini sera haimnyweshi mgonjwa dawa. Anayemnywesha ni wewe. Na hofu ile ya kabatini imo pia nyumbani. Wengi husema, "Wakianza kumpa morfini, basi amekwisha." Wengine husema, "Atakuwa mraibu." Sikiliza vizuri. Morfini hutolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, si kwa sababu siku zimekwisha. Wapo wanaoitumia kwa miezi huku wakila na kuzungumza na watoto wao. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa kipimo cha daktari mara chache sana huwa mraibu. Anachotamani ni kulala usingizi, si kulewa.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za jamii hii zilitangazwa na kuandikwa ovyo hata kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, na watu wengi mno wakawa waraibu na wengine wakafa. Kwa hiyo dawa kali ina mahali pake. Mahali pake ni maumivu makali ya saratani, ya upasuaji, ya kuungua, ya selimundu inapochachamaa. Mgongo wa beseni unatibiwa kwa njia nyingine.

MAUMIVU YA GHAFLA NA MAUMIVU YA KUDUMU

Maumivu ya ghafla ni kengele. Yanakuambia kuna jambo: mfupa umevunjika, jino limeoza, kidole tumbo kimevimba. Tibu maumivu, lakini tafuta pia kinachopiga kengele. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona haya:

- Maumivu ya kifua, au kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa.
- Kichwa kuuma sana ukiwa mjamzito, hasa macho yakiona ukungu.
- Homa pamoja na shingo kukakamaa.
- Tumbo gumu linalouma kila likiguswa.
- Mgongo kuuma pamoja na miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo.
- Mtoto anayelia bila kunyamazika, au aliyekataa kunyonya.

Maumivu ya kudumu ni yale yanayozidi miezi mitatu. Hapo kengele imekwama, inalia hata baada ya moto kuzimwa. Mgongo wa kazi ni mfano. Kulala kitandani siku nyingi huuharibu zaidi. Tembea, nyoosha viungo kila siku, weka beseni juu ya kiti au jiwe ili usiiname, badilisha kazi kila baada ya muda. Na wewe mama mwenye nyumba unayesikiliza, meza ya kufulia haigharimu sana. Mnunulie anayekufulia.

Kuhusu vidonge, shika mambo haya. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli ya miligramu 500 kwa siku nzima, maana vikizidi vinaharibu ini. Vidonge vingi vya pakiti vya kichwa huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeini, kwa hiyo ukimeza hivyo na Panadol juu yake, umemeza parasetamoli mara mbili. Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini ila kwa amri ya daktari. Ibuprofeni na diklofenaki zinywewe baada ya chakula, na asizitumie ovyo mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ugonjwa wa figo. Dawa ya mtoto hufuata uzito wake, na hupimwa kwa kijiko kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai. Usinunue unga au chupa isiyo na jina, hata ikisifiwa namna gani. Wengine huchanganya humo dawa kali kwa siri.

Ikiwa unamuuguza mgonjwa anayetumia morfini ya maji, mpe kwa saa ulizoandikiwa. Wengi huandikiwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na wakati wa kulala. Usingoje alie. Omba pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu. Usingizi na kichefuchefu huwapo siku za mwanzo, kisha hupungua. Akilala kiasi kwamba haamki, au akipumua polepole mno, usimpe tena, mpeleke hospitali. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na ikibaki irudishwe ilikotoka.

MKONO WAKO NI KIPIMO

Jambo la mwisho ni namna ya kusema. Wauguzi wa tiba shufaa katika Afrika Mashariki hutumia kipimo kisichohitaji karatasi. Ngumi iliyofungwa ni kusema hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mfundishe mgonjwa wako, mfundishe na mtoto wako. Mtoto asiyejua kusema, mtazame uso, miguu, kilio, na kama anatulia akibebwa.

Ukifika mbele ya daktari usiseme tu, "Naumwa mwili wote." Mwambie: panauma wapi, tangu lini, ni kama moto au kama kisu, vidole vingapi, nini kinazidisha, nini kinapunguza, umemeza nini na kiasi gani. Akiandika haraka bila kukutazama, rudia kwa upole: "Daktari, usiku mtoto halali. Ni vidole vinne." Hiyo si kelele, ni habari, na yeye hawezi kuipata kwa mashine yoyote.

Malkia alihitaji taji ili uchungu wake uaminiwe. Watoto wachanga walihitaji utafiti wa Oxford. Mgonjwa wako ana wewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maumivu si adhabu wala aibu. Yanasemwa na yanatibiwa.
2. Mtoto mchanga huumwa. Mshike na umnyonyeshe akidungwa chanjo.
3. Dawa ya dukani ni dawa. Hesabu vidonge na usichanganye.
4. Morfini inayotolewa na daktari kwa maumivu makali si ya kuogopwa, na hutolewa kwa saa.
5. Maumivu yakizidi miezi mitatu, usiendelee kununua vidonge peke yako. Nenda kituo cha afya.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ulipokuwa mdogo, ulipolia kwa maumivu, uliambiwa nini? Na wewe unawaambia nini watoto wako?
2. Je, hospitali iliyo karibu nawe ina kitengo cha tiba shufaa? Ni nani kati yenu atakayekwenda kuuliza wiki hii?
3. Ni nani katika mtaa wako anayemuuguza mgonjwa peke yake? Mtampumzisha lini?